Sungura Hana Daktari? Historia ya Tiba ya Wanyama na Kizimba cha Nyuma ya Nyumba

 

Hebu tuanze na swali. Ng'ombe akiugua huku Kiambere, nani huitwa? Jibu kila mtu analo: daktari wa mifugo, na wengi wetu humwita kwa jina fupi, daktari wa ng'ombe. Atakuja na pikipiki yake na mkoba wa sindano. Mbuzi naye huitiwa, ingawa wapo watakaosubiri kwanza waone kama atapona mwenyewe. Sasa sungura je? Ukisema unamtafutia sungura daktari, watu watakutazama kama umewaambia panzi wako ana homa.

Basi mtoto aliyemfuga atamwangalia siku mbili, na siku ya tatu atamkuta amelala ubavu, amekauka. Atazikwa nyuma ya nyumba na mambo yamekwisha. Kizimba cha sungura kumi kinaweza kumalizika kwa wiki moja tu. Kwa kijana aliyekuwa akiwategemea awauze apate karo ya muhula, hiyo ni hasara ya kweli.

Kwa nini mnyama huyu mdogo hana daktari? Si kwamba watu wa Kiambere ni wabaya, la. Sababu yake iko katika historia, na ukiijua utajua pia la kufanya. Nifuate polepole.

TIBA ILIANZA NA FARASI

Waarabu wana neno *baitara*, yaani elimu ya kutibu wanyama, na mwenye elimu hiyo huitwa *baitari*. Neno lenyewe asili yake ni Kiyunani, na maana yake huko ilikuwa mganga wa farasi. Hapo umeshaona jambo: tangu jina lake, tiba hii ilikuwa ya farasi.

Katika karne ya 9 Miladia, mjini Baghdad, alikuwapo Ibn Akhi Hizam, msimamizi wa mazizi ya farasi ya khalifa, aliyeandika kitabu juu ya farasi na maradhi yao. Karne ya 14, mjini Cairo, Abu Bakr ibn Badr, baitari wa Sultani al-Nasir Muhammad bin Qalawun, akaandika kitabu kikubwa zaidi juu ya elimu hiyohiyo. Hao walikuwa mabingwa kwelikweli. Lakini nani alikuwa akilipa? Sultani. Na sultani alitaka nini? Jeshi lenye farasi wazima.

Ulaya nako mambo yalikuwa yaleyale. Chuo cha kwanza cha tiba ya mifugo kilianzishwa mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 1761, na mwanzilishi wake, Claude Bourgelat, alikuwa mtu wa farasi. Mfalme alikubali kutoa fedha kwa sababu tauni ya ng'ombe ilikuwa ikimaliza mifugo ya nchi. Kwa hiyo mnyama wa kwanza kupata daktari alikuwa wa vita, na wa pili alikuwa wa mali. Sungura hakuwa katika orodha.

SOTOKA, NA USHINDI ULIOISHIA MERU

Tuje kwetu. Ile tauni ya ng'ombe iliyowatisha Wafaransa ndiyo wazee wetu waliita sotoka. Iliingia Afrika kupitia Massawa, pwani ya Eritrea, mwaka 1887, na miaka michache baadaye ikafika Kenya na kufyeka ng'ombe, nyati na hata swara. Wamasai walibaki na maboma matupu, na njaa ikaua watu.

Serikali ya kikoloni ilipojenga maabara ya mifugo huko Kabete, kazi yake kubwa ilikuwa ng'ombe na kondoo, hasa wa walowezi. Na kazi ilifanyika, tusiwanyime haki yao. Mwaka 1931 wataalamu wa Kabete ndio walioieleza dunia juu ya homa ya Bonde la Ufa, baada ya kondoo kufa kwa wingi katika shamba moja karibu na Naivasha. Baadaye, huko Muguga, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo ya sotoka iliyo salama na ya bei nafuu, ambayo ilikuja kutumika karibu dunia nzima.

Sasa sikiliza hili, wewe wa Embu na wewe wa Meru. Mara ya mwisho sotoka kuonekana popote duniani ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa Mbuga ya Taifa ya Meru. Hapa hapa petu, ukiufuata Mto Tana kwenda chini! Mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kwamba ugonjwa huo umetoweka. Ni maradhi ya pili tu katika historia kufutwa na binadamu, la kwanza likiwa ndui.

Kwa hiyo usiambiwe kwamba tiba ya mifugo haiwezi kitu. Inaweza. Ila hupelekwa pale watu walipoamua kwamba kuna cha kuokoa.

SUNGURA WA NGANO NA SUNGURA WA KIZIMBA

Kiswahili kinatuchanganya kidogo hapa. Sungura mjanja wa ngano za bibi, yule anayemhadaa fisi, ni mnyama wa porini wa huku kwetu. Sungura wa kizimbani ni mwingine kabisa, asili yake ni Hispania na Ureno. Mtoto wa yule wa porini huzaliwa na manyoya, macho wazi, na muda mfupi tu baadaye anatembea. Mtoto wa huyu wa kizimbani huzaliwa uchi, kipofu, hajiwezi, na mama yake amezoea kumficha shimoni chini ya ardhi penye ubaridi.

Tofauti hiyo si ya kujaza daftari tu. Ukimweka mnyama wa shimoni juu ya waya, chini ya bati, katika jua la Kiambere, bila sanduku la kuzalia, umeanza kumuumiza kabla hajapata ugonjwa wowote.

Zamani za Warumi, mwandishi Strabo alieleza jinsi sungura walivyozidi huko Hispania hata wakaharibu mashamba, na jinsi watu walivyofuga wanyama wembamba wa jamii ya kicheche ili wawaingize mashimoni kuwafukuza. Wazungu mpaka leo wanamfuga mnyama wa namna hiyo, fereti, na wengi humweka ndani ya nyumba kama paka. Kwetu hatufugwi naye. Tulicho nacho ni kicheche wa porini, na akija usiku, sungura wako hatapona.

WALIVYOTUTIBU SISI

Sasa tazama ajabu ya historia. Wanyama hawa wadogo wasiopewa daktari ndio waliowasaidia madaktari wetu.

Mwezi wa Julai 1885, mjini Paris, mtoto wa miaka tisa aitwaye Joseph Meister aliletwa kwa Louis Pasteur akiwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa. Chanjo aliyopewa ilitengenezwa kwa uti wa mgongo wa sungura walioambukizwa, ukakaushwa. Mtoto akapona. Leo chanjo ya kichaa cha mbwa hutengenezwa kwa njia nyingine, lakini mlango ulifunguliwa na sungura.

Mwaka 1933, London, ikawa zamu ya fereti. Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw walichukua maji ya koo ya wagonjwa wa homa ya mafua wakawatia fereti puani. Fereti wakaugua kama watu: homa, kamasi, chafya. Hivyo ndivyo kirusi cha mafua ya binadamu kilivyopatikana. Mpaka leo fereti hutumika katika uchunguzi wa mafua. Na kwa sababu hiyohiyo, anayemfuga huonywa asimkaribie akiwa na mafua, kwani atamwambukiza. Ugonjwa mwingine unaommaliza ni ule wa mbwa uitwao distempa, ambao fereti asiyechanjwa ni nadra sana kuuponea.

BINADAMU ALIPOPELEKA UGONJWA KWA MAKUSUDI

Kuna ukurasa mwingine, wa kuhuzunisha. Mwaka 1859 tajiri mmoja aitwaye Thomas Austin aliwaachilia sungura kutoka Uingereza katika shamba lake huko Victoria, Australia, apate wa kuwinda. Wakazaana mpaka wakala malisho ya nchi. Mwaka 1950 serikali ya huko ikawaachilia ugonjwa wa miksomatosisi, unaofumba macho, kuvimbisha kichwa na kuua kwa mateso. Mwaka 1952 daktari mmoja nchini Ufaransa, Armand-Delille, aliuleta ugonjwa huo katika shamba lake apunguze sungura wa porini. Haukukaa shambani kwake. Ulienea Ufaransa nzima, ukavuka bahari mpaka Uingereza mwaka 1953, na ukaingia katika vizimba vya watu maskini ambao sungura ndiyo ilikuwa nyama yao.

Kisha mwaka 1984, mkoani Jiangsu, Uchina, ukazuka ugonjwa wa kuvuja damu wa sungura. Sungura anaweza kula jioni na asubuhi akakutwa amekufa. Inakadiriwa sungura wa kufugwa milioni 140 walikufa Uchina katika muda usiozidi mwaka mmoja. Aina mpya ya kirusi hicho ilionekana Ufaransa mwaka 2010, na barani mwetu imeua sungura Nigeria mwaka 2020 na Afrika Kusini mwaka 2022. Hauna tiba. Kinga ni chanjo, na kutomwingiza sungura mgeni kizimbani kabla hujamtenga angalau wiki mbili au tatu.

SUNGURA WA KENYA

Huku kwetu sungura wa kufugwa waliletwa na wamishonari na walowezi. Baada ya uhuru walienea kupitia shule, hasa vilabu vya 4K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Ndiyo maana mpaka leo sungura anahesabiwa kuwa mnyama wa watoto: baba ana ng'ombe, mama ana kuku, mtoto ana sungura. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Ujerumani, kituo cha taifa cha kuzalisha sungura bora kikaanzishwa Ngong.

Lakini angalia lililofuata. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, serikali iliacha kumwajiri kila mhitimu wa udaktari wa mifugo, na matibabu ya mifugo yakaanza kuachiwa watu binafsi. Maana yake ni kwamba mwenye mnyama alipe daktari pamoja na nauli yake. Kwa ng'ombe wa maziwa wa Runyenjes au Manyatta, hesabu inaingia. Kwa sungura wa Kiambere, kuja kwa daktari kunaweza kuzidi bei ya sungura mwenyewe. Hapo ndipo sungura alipoachwa kabisa, na nafasi ya daktari ikachukuliwa na muuzaji wa dukani.

Katiba ya mwaka 2010 iliziweka huduma za mifugo mikononi mwa kaunti, na kaunti zilianza kazi mwaka 2013. Kwa hiyo ofisi ya mifugo ya Embu ni yako, kodi yako inailipa. Umewahi kuingia humo ukauliza habari za sungura? Wasipoulizwa, nao wataendelea kudhani hakuna anayehitaji.

MARADHI YENYEWE

Habari njema ni hii: maradhi mengi ya sungura huanzia kwenye kizimba, na kizimba kiko mkononi mwako.

La kwanza kwetu ni joto. Kiambere ni nchi ya chini, kavu, ya jua kali. Joto likizidi digrii 30 sungura huanza kuhangaika, na dume hupoteza uwezo wa kuzalisha kwa muda. Ukimwona anahema mbio, masikio mekundu, mate yanamtoka, mpeleke kivulini na umlowanishe masikio kwa maji ya kawaida. Usimtumbukize katika maji ya barafu. Kizimba kikae chini ya mti, bati lifunikwe kwa nyasi, na maji yasikosekane hata saa moja.

La pili ni koksidia, vijidudu vya utumbo na ini. Huwaua zaidi watoto walioachishwa kunyonya: tumbo kubwa, kuhara, kukonda. Mayai ya vijidudu hivi hutoka na kinyesi, na yanahitaji unyevu na muda kabla hayajaweza kuambukiza. Ukifagia kila siku, umeyatoa kabla hayajaiva. Dawa za salfa zipo na husaidia, lakini bila ufagio ni kazi bure.

La tatu ni utitiri. Kuna wa masikioni, unaoacha magamba ya kahawia, na kuna wa upele wa pua na miguu. Usibandue magamba kwa kucha, unamtonesha bure. Wako wanaopaka oili chafu ya gari. Waache! Hiyo ni sumu, naye hujilamba. Sindano ya ivamektini kwa kipimo cha daktari, kisha irudiwe baada ya wiki mbili hivi, huponya. Mnyama aliyedungwa asichinjwe mpaka muda uliowekwa upite. Wewe nawe unawe mikono, maana upele ule unaweza kukuhamia.

La nne ni mafua: chafya, kamasi nyeupe, na manyoya ya miguu ya mbele yaliyogandamana kwa sababu anajifuta pua. Husababishwa na bakteria, na huchochewa na harufu kali ya mkojo na kizimba kisichopita hewa. Mgonjwa atengwe.

La tano ni tumbo na meno, nayo ni ndugu. Meno ya sungura hukua maisha yake yote, na majani makavu ndiyo yanayoyasaga. Anayelishwa ugali na mabaki ya jikoni meno humzidi, akashindwa kula, na tumbo likasimama. Sungura hawezi kutapika, na asiyekula kutwa nzima ni wa dharura. Mpe nyasi kavu kwa wingi, na majani mabichi yaliyonyauka kidogo kivulini. Majani ya nyanya na ya viazi mbatata usimpe kabisa.

Sasa onyo kubwa kuliko yote. Penisilini, ampisilini na amoksisilini zikipitia mdomoni humuua sungura. Huangamiza bakteria wema wa utumbo wake, wabaya wakatawala, na kwa siku chache amekwisha. Dawa iliyomponya ng'ombe, mbwa, hata mdogo wako, inaweza kuwa sumu kwake. Vilevile dawa ya viroboto vya mbwa yenye fipronili. Muuzaji akikupa chupa, muulize: imeandikwa ni ya sungura? Kama hajui, mpigie daktari. Kumpigia simu ni nafuu kuliko kumlipia safari.

NYUMBA YA ABU TWALHA

Kuna swali hubaki kwa vijana wengi. Huyu si kitoweo tu? Kwa nini nimhangaikie mnyama nitakayemchinja?

Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya Anas bin Malik (R.A.), kwamba walimkurupusha sungura mahali paitwapo Marr al-Dhahran. Anas akamkamata, akampelekea Abu Twalha, akachinjwa, na sehemu ya nyama ikapelekwa kwa Mtume (S.A.W.), naye akaipokea. Ndiyo hoja ya wanavyuoni kwamba sungura ni halali.

Katika nyumba hiyohiyo ya Abu Twalha alikuwamo mtoto mdogo, Abu Umayr, ndugu yake Anas kwa mama. Alikuwa na kindege akichezacho. Kindege kikafa. Mtume (S.A.W.) alipomwona mtoto ana huzuni, alimwuliza habari za kindege chake, kwa upole na kwa mzaha wa kumliwaza.

Fikiria, ndugu yangu. Ni nyumba moja. Humo sungura alikuwa nyama ya halali, na humo kindege cha mtoto kilikuwa na thamani hata kikaulizwa habari zake na kiumbe bora. Mambo hayo mawili hayakugombana. Atakayeliwa kesho ana haki ya kivuli leo, na maji, na kufagiliwa, na kutibiwa anapougua.

Vijana tulioungana katika jumuiya zetu tunaweza kuanza na kidogo. Wenye sungura kumi au kumi na tano wa jirani wachange nauli ya daktari mara moja kwa miezi mitatu. Awachunguze wote siku moja, na awafundishe wawili watatu miongoni mwetu kutazama masikio na kupapasa tumbo. Gharama ikigawanywa hivyo, hesabu iliyomshinda mtu mmoja itaingia.

Baada ya swala ya Alasiri leo, kabla hujaanza kuwaza futari, pita nyuma ya nyumba utazame kizimba. Kama chombo cha maji ni kikavu, wewe umefunga kwa hiari yako, yeye hakunuia.